Siku Mheshimiwa Alipozindua Waya

Jina la nchi yetu nitalihifadhi. Waliozaliwa humo hawana haja ya kuambiwa, na ambao hawakuzaliwa humo watadhani natania, kwa hiyo jina halitamsaidia mtu. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye amani na utulivu, na kwamba mimi ni Afisa Habari wa Wizara ya Maendeleo ya Kisasa, kazi niliyoifanya kwa moyo mmoja tangu nikiwa na nywele. Kazi yangu ni kueleza jinsi mambo yalivyokwenda vizuri. Nasikia wenzangu wa nchi nyingine husubiri kwanza mambo yaende, ndipo waeleze. Sisi tumewatangulia.

Yote yalianza na Jukwaa. Huo ni mfumo mkubwa wa kompyuta ambao Serikali yetu iliununua ng'ambo ukiwa tayari, kama mtu anavyonunua suruali iliyokwisha kushonwa, kisha akamwomba Mungu kiuno kitoshe. Ikaamuliwa kila kitu kiingizwe humo: watu, ng'ombe, viwanja, dawa, makaburi. Sheria yake ni fupi na inapendeza. Inasema asiyekuwemo ndani ya Jukwaa hayupo.

Kabla ya kuununua, Mkurugenzi wetu, Mhandisi Dokta Rwezaula, aliongoza ujumbe kwenda kuonana na mafundi walioutengeneza. Mafundi wale walikuwa watu wa maswali. Waliuliza kama umeme wetu hukatika. Mkurugenzi akajibu kwamba nchi yetu haina tatizo hilo. Wakauliza kama tunao watu wasiojua tarehe zao za kuzaliwa. Nchi yetu haina tatizo hilo. Wakaeleza kwamba Jukwaa lina kanuni ya kuzuia udanganyifu: likikuta watu wawili wenye mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa, huhesabu kwamba ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, likamwacha wa kwanza na kumfuta wa pili. Sasa je, mna mapacha? Mkurugenzi, ambaye mkewe mwenyewe anaitwa Kulwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba nchi yetu haina tatizo hilo. Mafundi walimsifu sana kwa msimamo.

Basi siku Jukwaa lilipowashwa, akina Doto wote wa nchi nzima wakaacha kuwepo. Kwetu, kama kwenu, pacha anayetangulia ni Kulwa na anayemfuata ni Doto. Akina Kulwa walibaki na namba, akina Doto walibaki na sura zao tu. Wengi hawakugundua upesi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi miaka bila kuwepo, na wapo wizarani kwetu waliofanya hivyo mpaka wakastaafu.

Shida ilikuwa kwa wagonjwa. Bi. Nyamizi, mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya wizara, alikuwa na mabinti wawili wa miaka sita, Kulwa na Doto, na wote wawili walizaliwa na selimundu, ile watu wanayoiita sikoseli. Kila mwezi aliwapeleka dirisha la dawa la hospitali kuu wapewe vidonge vinavyozuia yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie mpaka sauti ikauke. Mwezi ule Jukwaa lilipowashwa, mfamasia akabonyeza, akatazama, akatoa kichupa kimoja.

"Kulwa huyu hapa. Doto hayumo."

"Hayumo wapi, mwanangu? Si huyu nimemshika mkono?"

"Namwona, mama. Lakini humu hayumo."

Bi. Nyamizi hakuwa mtu wa kugombana. Alivuka barabara akaja wizarani, na bahati yake ikamkutanisha na Mwasiti. Huyu Mwasiti alikuwa mtaalamu wetu wa programu za kompyuta, binti mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na tabia ya kuja kazini kufanya kazi. Tulimvumilia. Alimsikiliza yule mama, akaingia kwenye Jukwaa, akamwandika Doto upya kwa mkono.

"Leo yupo, mama. Nenda dirishani sasa hivi, kabla ya jioni."

"Na kesho?"

"Kesho Jukwaa litakuwa limemfuta tena, na kanuni yake imenishinda kuibadilisha. Mwezi ujao njoo, nitamrudisha."

Wakaishi hivyo. Kila mwezi Doto alikuwepo kwa siku moja, akachukua dawa zake, akatoweka. Mtoto mwenyewe aliuzoea mchezo huo, akawa akinikuta kwenye ngazi ananiambia, "Babu, leo mimi nipo." Nilimpenda sana yule mtoto. Alikuwa na mapengo mawili mbele na alicheka bila kuyaficha.

* * *

Hapo ndipo Serikali yetu sikivu ikamleta Msaidizi. Msaidizi ni akili mnemba, lakini si ile ya kuchora mabibi harusi wakiwa wamepanda simba. Huyu anajua kusoma programu za kompyuta, kuziandika na kurekebisha zilizoandikwa vibaya na wengine. Alikaa kwenye kompyuta ya Mwasiti, na siku ya kwanza tu Mwasiti alimweleza habari ya mapacha. Nilikuwepo, nikaandika majibu yake kwa ajili ya gazeti la wizara.

"Nimeelewa," Msaidizi alisema. "Ni kanuni moja ndogo, nayo inaweza kurekebishwa bila kugusa mengine. Nitakuonyesha kila ninachotaka kubadilisha kabla sijakibadilisha. Ila sijaunganishwa na Jukwaa. Niunganishe, kisha uniambie niendelee."

Mwasiti alikimbia kwa Mkurugenzi akiwa ameshika waya mkononi. Ulikuwa waya wa buluu, mnene kama kidole. Jukwaa, kwa usalama wake, lina tundu moja tu la kupokea mgeni, na waya ule ndio uliokuja nalo kutoka ng'ambo.

"Mzee, ni kuchomeka tu. Upande huu kwa Msaidizi, upande huu kwa Jukwaa. Mchana huu huu watoto wote watakuwa wamerudi."

Mkurugenzi alivua miwani kwa huzuni ya mzazi. "Binti, utachomekaje kitu ambacho hakijazinduliwa?"

Hapo nimtetee Mkurugenzi, maana wapo watakaomlaumu. Nchini kwetu hakuna kinachofanya kazi kabla ya kuzinduliwa. Lipo daraja letu moja zuri ambalo wananchi walivuka mto kwa miguu chini yake msimu mzima wa mvua, wakilitazama, mpaka mgeni rasmi alipopata nafasi. Ipo wodi ya wazazi ambayo akina mama walijifungulia kibarazani kwake kwa sababu utepe ulikuwa haujakatwa, na mmoja wao alijifungua mapacha, yaani kwa hesabu za Jukwaa mtoto mmoja. Watu wetu wana subira. Haraka haraka haina baraka, na sisi ni nchi ya baraka.

* * *

Uzinduzi ulikuwa na tatizo moja la kitaalamu: mgeni rasmi akate nini? Mheshimiwa Waziri si mtu wa kubonyeza. Alipopelekewa wazo la kitufe chekundu alisema kubonyeza ni kazi ya watu wa lifti, yeye ni mtu wa kukata, na amekata katika mikoa yote. Lakini muunganisho wa kompyuta hauna mlango wala kizingiti. Kamati ya Itifaki ikakaa vikao vingi, ikala pilau nyingi, ikapata jibu: utepe ufungwe kwenye waya. Ukafungwa, rangi za bendera, ua kubwa katikati. Ulipendeza kiasi kwamba waya wenyewe haukuonekana.

Kuhusu mkasi, kamati ilijifunza kutokana na aibu. Katika uzinduzi uliotangulia mkasi wa kawaida uliutafunatafuna utepe mbele ya mabalozi hadi Mheshimiwa akamalizia kwa meno. Safari hii ukatafutwa mkasi wa kukatia mabati, ukapakwa rangi ya dhahabu, ukalazwa juu ya mto wa hariri.

Mheshimiwa alihutubia kwa muda wa kutosha. Nina hotuba yote, nitadokeza tu. "Ndugu zangu," alisema, "huko nyuma tulikuwa tunatumia akili. Leo tuna akili mnemba. Wapo watakaouliza ile ya kwanza tumeipeleka wapi. Hao ni maadui wa maendeleo." Tulipiga makofi. Akasema pia kwamba kuanzia saa ile hakuna mwananchi atakayefutwa bila Serikali kujua, na kwa hilo nadhani alitimiza.

Kisha akashika mkasi, akauliza, "Nikate wapi?"

"Popote, Mheshimiwa," walijibu wajumbe wa Kamati ya Itifaki kwa pamoja.

Mwasiti, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa na wahudumu wa chai, alisimama. "Samahani, Mheshimiwa, pembeni kidogo, hapo katikati kuna..." Mkurugenzi alimwendea mbio, akamvuta gauni akaketi. Alimnong'oneza, nami nilisikia, kwamba Mheshimiwa haelekezwi.

Mheshimiwa alikata. Alikata kwa nguvu ya mtu aliyewahi kuaibishwa na mkasi, na mkasi wa mabati haukumwangusha. Utepe ulianguka pande mbili, na waya ulianguka pande mbili pamoja nao. Kwaya ikapaza sauti. Kwenye skrini kubwa yakatokea maneno "Muunganisho umepotea," na mshereheshaji, kijana mwenye upeo, akageuza skrini ielekee ukutani ili jua lisiwaumize wageni macho. Msaidizi akapewa kipaza sauti awasalimu wananchi.

"Habari zenu," alisema. "Kwa sasa siwezi kulifikia Jukwaa. Tafadhali mtu akague waya."

Brasi bendi ilikuwa imeshaanza kupiga, kwa hiyo waliosikia walikuwa wachache, na wote ni watumishi wa umma. Kesho yake niliandika habari kubwa: MSAIDIZI AANZA KAZI KWA KISHINDO.

* * *

Mwasiti alidhani jambo hilo ni dogo. Alikwenda stoo kuomba waya mpya, na mtunza stoo, ambaye anafuata taratibu, akamuuliza waya wa zamani umeharibiwa na nani. Mwasiti akamjibu. Mtunza stoo akafunga dirisha, akafunga na mlango, akaomba likizo ya ugonjwa. Ikabidi Mkurugenzi aitishe kikao.

"Nasikia kuna mtu anasema Mheshimiwa alikata waya," alianza.

"Mzee, si wote tuliona?" Mwasiti alisema.

"Mheshimiwa hakukata waya. Mheshimiwa alizindua waya."

"Sawa. Uliozinduliwa umekatika. Tuuunganishe."

"Tukiunganisha, maana yake ulikatika. Ukiwa ulikatika, kuna aliyeukata. Umenielewa, binti? Hakuna hapa anayekataa waya uwe umeunganishwa. Tunachokataa ni kule kuunganisha."

 Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa wajinga. Kikao kikatoka na maazimio mazito. Vile vipande viwili vya waya, pamoja na utepe wake, viwekwe ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa wizara kwa ajili ya vizazi vijavyo. Lile tundu la Jukwaa lizibwe kwa lakiri, kwa kuwa waya wake halali umo makumbusho na waya mwingine wowote ni mgeni asiye na mwaliko. Na kwa kuwa sasa Msaidizi yupo kazini, ni marufuku mkono wa binadamu kugusa Jukwaa. Atakayeandika chochote kwa mkono atahesabiwa anahujumu teknolojia.

Mwasiti alisoma azimio lile la mwisho mara kadhaa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Na Doto?"

Nilimwambia Doto ni miongoni mwa wanufaika wakuu wa mradi. Nilikuwa nimemwandika hivyo kwenye kipeperushi, na picha yake ipo, anacheka na mapengo yake.

Matokeo yalikuja haraka kuliko tulivyotarajia. Katika miezi ile Msaidizi hakuripoti kosa hata moja ndani ya Jukwaa. Hata moja, katika mfumo ambao zamani Mwasiti pekee alikuwa akiripoti makosa kila asubuhi kabla ya chai. Mheshimiwa alilisema hilo bungeni, wabunge wakapiga meza. Akaja mtaalamu kutoka shirika moja la ng'ambo kujifunza. Nilimtembeza mwenyewe. Alisimama mbele ya kabati la kioo, akautazama waya, akaitazama kompyuta ya Msaidizi, akautazama tena waya.

"Kwa hiyo Msaidizi wenu hana njia yoyote ya kuligusa Jukwaa?"

"Hata chembe," nilimjibu kwa fahari.

Aliniambia kwamba kwao watu hawalali kwa hofu ya akili mnemba kuingia mahali na kuharibu. Wanatunga kanuni juu ya kanuni, na hakuna aliyewahi kufikia usalama kamili kama wetu. Akaandika. Baada ya muda tukapata tuzo, sanamu ya mkono unaoshika kufuli, nayo tukaiweka juu ya kabati lile lile.

* * *

Bi. Nyamizi aliendelea kuja. Mara ya kwanza Mwasiti alimwambia ukweli, kwamba akimwandika Doto, yeye Mwasiti atafungwa. Mama yule alifikiri kidogo, akasema hawezi kumwingiza mtoto wa mwenzie matatani. Akarudi nyumbani na kichupa kimoja cha Kulwa, akaanza kukigawa. Leo anampa Kulwa, kesho anampa Doto. Mfamasia alikuwa amemwonya kwamba dawa ile haigawiki, ni ya kila siku au si dawa, lakini mama gani anayeweza kuwatazama mabinti wawili kwenye sahani moja na kumlisha mmoja? Wote wawili wakaanza kuumwa. Nilikuwa nikiwasikia kutoka dirishani kwangu, maana nyumba ya mpishi imepakana na uzio wetu, na nasema wazi kwamba kilio kile kiliniharibia siku nyingi.

Ilipofika Wiki ya Utumishi wa Umma, wananchi wakaruhusiwa kuingia ukumbini kumwuliza Msaidizi maswali. Yaliandaliwa maswali mazuri: wewe ni nani, unajisikiaje kufanya kazi katika nchi yenye amani. Bi. Nyamizi alipanga foleni na wenzake, Doto yuko mgongoni kwake amefungwa kanga ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Zamu yake ilipofika, Mkurugenzi na Mheshimiwa walikuwa wamesimama pale pale wakipigwa picha na ile tuzo.

"Shikamoo," mama alikiambia kile kipaza sauti, maana hakujua umri wa mashine. "Mwanangu huyu hayumo. Dada yake yumo. Wanaumwa sikoseli wote, nami nawagawia kichupa kimoja. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua."

"Pole sana, mama," Msaidizi alisema. "Ndiyo, najua kosa lilipo. Jukwaa linamhesabu mwanao na dada yake kuwa mtu mmoja. Naweza kulirekebisha leo, lakini sijaunganishwa. Waya wangu ulikatwa siku ya uzinduzi, nao ni ule uliomo kwenye kabati nyuma yako. Mwombe yeyote aliye hapo auunganishe. Na wakati unasubiri, usigawe dawa ya mtoto mmoja kwa wawili. Wapeleke wote hospitali leo, mweleze daktari mwenyewe, si dirishani."

 Mama aligeuka akalitazama kabati. Akamtazama Mheshimiwa, ambaye ndiye aliyekuwa karibu nalo zaidi.

"Baba, nisaidie kuuunganisha," alisema. Hakupandisha sauti. Alisema kama anaomba kusaidiwa kutua ndoo.

Mheshimiwa alimpa mkono, akamsifu kwa malezi bora, akaondoka na msafara wake.

Mchana ule ule Msaidizi akaandikiwa barua. Alituhumiwa kutoa taarifa za ofisi kwa mtu asiyehusika, kumtaja kiongozi katika mazingira ya kukatwa kwa kitu, na kutoa ushauri wa kitabibu bila leseni. Akatakiwa ajieleze. Akajieleza vizuri, kurasa mbili, akirudia yale yale. Kamati ya Nidhamu ilisikitika kuona hana hata chembe ya majuto, ikamsimamisha kazi kupisha uchunguzi. Kompyuta yake ikafunikwa turubai. Nusu mshahara alinyimwa, kwa vile hakuwa na mshahara.

Na hospitali je? Bi. Nyamizi aliwapeleka wote kama alivyoambiwa. Daktari aliwatazama kwa huruma, akaandika dawa, na dawa ikarudi dirisha lile lile, kwenye kompyuta ile ile.

Wiki iliyofuata walinzi wa getini wakamkamata Mwasiti akiwa na waya wa buluu ndani ya mkoba wa chakula, umeviringishwa chini ya chapati. Alikuwa ameununua dukani mwenyewe. Hakukana. Alipoulizwa alitaka kuunganisha nini, alijibu, "Mnajua." Jibu la dharau. Hawakumfunga, Serikali yetu ina ubinadamu. Walimhamishia Idara ya Nyuki, kituo cha mpakani ambako hakuna kompyuta wala umeme. Aliniaga pale kwenye ngazi, akaniomba kitu kimoja tu, kwamba nimtazamie watoto wale. Nikamwahidi.

* * *

Doto alifariki asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, akiwa amelala kwenye mkeka na dada yake ameshika kidole chake gumba. Mwili wa mtoto yule ulikuwa umechoka. Nilisikia wanawake wanaangua kilio upande wa pili wa uzio, nikaacha kalamu. Niliumia, sina sababu ya kuficha.

Haukupita muda, Bi. Nyamizi mwenyewe akaingia ofisini kwangu, kanga imefungwa kiunoni, macho makavu. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Lakini mlinzi wa makaburi, kijana mstaarabu tu, alikuwa ametaka kibali cha kuzika, na kibali hutoka kwenye Jukwaa, na Jukwaa lilikuwa limejibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Asiyekuwepo hawezi kufa. Walikuwa wamesimama na jeneza nje ya geti la makaburi, na joto la siku ile lilikuwa si la kusubiri.

"Mwasiti hayupo?" aliuliza.

"Amehamishwa, mama."

"Na yule Msaidizi?"

"Bado anachunguzwa."

Alikaa kwenye kiti akanitazama. Nami nilikumbuka ahadi yangu. Wapo maafisa ambao wangemwambia arudi Jumatatu, lakini mimi si mtu wa hivyo. Nilipiga simu huku na huku, nikaomba kwa jina la utumishi wangu wote, hadi mtu wa makaburi akaniambia ipo njia, tena rahisi. Mama ana binti mmoja ndani ya Jukwaa, ana miaka hiyo hiyo, mama huyo huyo, tarehe hiyo hiyo. Kibali kitolewe kwa namba hiyo. Nani atafukua aangalie?

Nikamweleza. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

"Hiyo ni namba ya Kulwa, baba. Kulwa mzima. Yuko nyumbani analia."

"Ni utaratibu tu, mama. Uchunguzi ukiisha, Msaidizi akirudi kazini, akiunganishwa, atarekebisha. Mtoto hawezi kushinda juani."

 Nje, vijana waliotumwa kutoka makaburini walikuwa wameanza kumwita. Mwisho alisema, "Haya," akaweka dole gumba lake pale nilipomwonyesha. Jukwaa likajibu papo hapo. Sijawahi kuliona likifanya kazi kwa haraka vile, na nililisema hilo kwenye taarifa yangu ya robo mwaka. Tukamzika Doto kwa heshima zote, na mimi mwenyewe nilitupia udongo.

Mwezi uliofuata nilikuwa hospitali kuu kupiga picha za kalenda, nikamwona Bi. Nyamizi dirishani na Kulwa. Mfamasia alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Akasema Kulwa ameshafariki.

"Nipo," Kulwa alisema. Ilibidi asimame kwa ncha za vidole ili aonekane dirishani.

 Mfamasia aliondoka akaenda nyuma ya makabati ya dawa na hakurudi haraka. Mama akageuka, akaniona na kamera yangu, akanijia polepole akimkokota mtoto, ambaye tayari alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Nilidhani anakuja kunishukuru kwa ile siku ya msiba. Aliniuliza tu, "Na huyu naye akifa, baba, utamzika kwa namba ya nani?"

Nilimwambia hilo linafanyiwa kazi.